Kujifunza Kikorea kwa nyimbo za K-pop: inawezekana, ila si kwa kusikiliza tu

Msikilizaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu ndani swali hili halikauki: je, mtu anaweza kujua Kikorea kwa kusikiliza nyimbo? Majibu huwa ni "ndiyo, mimi naelewa zote" au "acha kupoteza muda, nenda darasani", na muulizaji anabaki pale pale alipokuwa. Nimekaa na lugha hii miaka kadhaa, nyimbo ndizo zilizonivuta na ndizo zinazonishikilia mpaka leo, kwa hiyo naomba niandike kwa kirefu. Msimamo wangu ni huu: wimbo ni mwalimu mzuri sana wa Kikorea endapo utauchambua kama tulivyochambua mashairi shuleni, mstari kwa mstari, kalamu mkononi. Ukiuacha upite masikioni tu, utaambulia maneno machache ya mapenzi na hutakwenda mbali zaidi ya hapo.

Ushahidi tunao hapa nyumbani. Afrika Mashariki imesikiliza Kilingala kwa vizazi. Wazee wetu wamecheza Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, Mbilia Bel. Sisi tukaja na Koffi Olomide na Fally Ipupa. Kila mtu anajua bolingo, motema, nalingi yo. Wapo wanaoimba wimbo mzima hadi sebene inapoanza bila kukosea hata silabi. Mpeleke mtu huyo sokoni Kinshasa aulize bei ya samaki, hana la kusema. Miaka yote hiyo sikio limepata matamshi na mdundo, lakini lugha yenyewe haikuingia, kwa kuwa hakuna aliyeketi na maneno ya wimbo akayapasua kujua hiki ni kitenzi, hiki ni kiambishi, hiki kinakanusha. Anayetaka Kikorea kwa njia hiyo hiyo atapata sarang (mapenzi), maeum (moyo), nunmul (machozi), basi.

Kwa hiyo kabla ya wimbo wowote, Hangul. Hapa sina mjadala. Herufi hizi zilikamilishwa na Mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa 1446, na lengo lake lilikuwa kwamba watu wa kawaida waweze kuandika wanachotaka kusema, maana wakati huo maandishi yalikuwa ya Kichina na wenye kuyamudu walikuwa wasomi. Herufi za msingi ni 24: konsonanti 14 na irabu 10. Mtu mzima akijituma anazitambua zote ndani ya siku chache, kasi ya kusoma inakuja taratibu. Zinapangwa silabi kwa silabi, kila silabi kwenye kiboksi chake, na sisi tuliofundishwa kusoma kwa ba be bi bo bu hatuna sababu ya kuogopa mpangilio huo.

Nasisitiza kwa sababu naona vijana wengi wanakariri nyimbo kwa herufi za Kilatini, na tovuti za mashairi zimejaa maandishi hayo. Mswahili akiona "eo" anasoma e halafu o, kwani kwetu kila irabu inatamkwa. Kwenye Kikorea "eo" ni irabu moja, ㅓ, karibu na o ila midomo haiviringwi. "Eu" nayo ni irabu moja, ㅡ: tamka u huku midomo umeitandaza. Ndiyo maana jina la Seoul lina silabi mbili tu, 서 na 울. Mtu akishakariri wimbo mzima kwa matamshi ya Kilatini, kuyaondoa mdomoni baadaye ni kazi ngumu kuliko kujifunza upya.

Ukishasoma Hangul utakutana na jambo la pili: maneno yakikutana, sauti zinabadilika. 합니다 imeandikwa kwa b, inatamkwa hamnida. 한국말 (lugha ya Kikorea) inatamkwa hangungmal. Ile k ya kati inageuka ng' ya ng'ombe ikikutana na m. 좋아 (napenda, ni nzuri) inapoteza h yake na kuwa joa. Konsonanti ya mwisho wa silabi inahamia kwenye irabu inayofuata, kwa hiyo 사람 (mtu) ikiongezewa kiambishi 이 unasikia sa-ra-mi. Mwishoni mwa silabi zinabaki sauti saba pekee, hata kama herufi ni nyingi zaidi. 낮 (mchana), 낯 (uso) na 낫 (mundu) zikisimama peke yake zote zinatamkwa nat. Vitabu vinaeleza kanuni hizi kwenye majedwali ambayo mimi binafsi yalikuwa hayanikai kichwani. Zilinikaa pale nilipozisikia ndani ya kiitikio kimoja mara nyingi huku macho yakiwa kwenye maandishi. Hii ndiyo kazi ambayo wimbo unaifanya vizuri kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kurudia sentensi ya kitabu asubuhi, mchana na jioni kwa hiari yake, lakini kiitikio utakirudia.

Sasa twende kwenye hazina yenyewe, ambayo wengi wanaipita wakikimbilia maana ya maneno: miisho ya vitenzi. Kitenzi cha Kikorea kinakaa mwisho wa sentensi, na mkia wake ndio unaobeba kila kitu: unataka, huwezi, unaomba, unaahidi, unakataza. Nyimbo za mapenzi zinatumia mikia michache ile ile kila siku. Chukueni hii:

가지 마 (gaji ma), usiende. 울지 마 (ulji ma), usilie. 잊지 마 (itji ma), usisahau. Mkia -지 마 unafanya kazi ya "usi-" yetu. Ukiujua, kila kitenzi kipya unachokutana nacho unaweza kukikataza.

보고 싶어 (bogo sipeo), nataka kukuona, na ndivyo Wakorea wanavyosema "nimekukumbuka". 알고 싶어, nataka kujua. 가고 싶어, nataka kwenda. Mkia -고 싶어 ni "nataka ku-".

써 줘 (sseo jwo), niandikie. 불러 줘 (bulleo jwo), niimbie, au niite. Hiyo 줘 inatoka kwenye 주다, kupa, na inafanya kazi inayokaribiana na mnyambuliko wetu wa kutendea.

잊을 수 없어 (ijeul su eopseo), siwezi kusahau. 기다릴게 (gidarilge), nitasubiri, kwa maana ya kuahidi.

Mwenye mikia hii mitano anaanza kusikia mifupa ya wimbo hata kama maneno mengi bado hayajui. Anajua hapa anaombwa mtu abaki, hapa anaahidiwa kitu. Hapo ndipo sikio linapoanza kujifunza, kwa sababu lina pa kushika.

Kikorea pia kinaacha watajwa. 사랑해 (saranghae) haina "ni-" wala "ku-" ndani yake. Kwetu "ninakupenda" imejaa, huwezi kukosa nani anampenda nani. Kwao unaambiwa "penda" na mazingira yanamaliza kazi. Mashine za kutafsiri zinabahatisha hapo, na ndiyo maana unakuta tafsiri ya wimbo mmoja inaanza na "yeye", katikati "wewe", mwisho "sisi". Usiitegemee mashine kwenye nyimbo. Papago, mashine ya kutafsiri ya kampuni ya Naver ya Korea, inajitahidi kuliko nyingine nilizotumia, lakini kamusi ya Naver ndiyo rafiki wa kweli: inakupa neno, mifano na sauti.

La mwisho kwenye bandiko hili, na ni la adabu. Nyimbo nyingi ziko kwenye banmal, lugha ya kuongea na rika, mdogo wako au mpenzi. Ukimwambia mzee wa Kikorea 말해 줘 (malhae jwo), niambie, kama ulivyoisikia kwenye wimbo, umemkosea heshima. Sisi tunaokua na shikamoo tunalielewa jambo hili kuliko watu wengi. Zoezi ninalofanya ni kuchukua kila mstari na kuupandisha daraja: 보고 싶어 inakuwa 보고 싶어요, 말해 줘 inakuwa 말해 주세요, 가지 마 inakuwa 가지 마세요. Na "wewe" wa kwenye nyimbo mwacheni huko huko. 너 ni ya rika. 그대 utaisikia kwenye mashairi, mtaani hapana. 당신 hutumika kati ya mume na mke, na hutumika pia watu wanapogombana, kwa hiyo mgeni akiitumia hajui ameangukia upande gani. Wakorea humwita mtu kwa cheo au kwa undugu, kama sisi tunavyosema mama, mjomba, dada, bosi.

Namna ninavyofanya kazi na wimbo nitaileta kwenye bandiko lijalo. Karibuni kwa maswali.

---

Pwani_Yetu

Ahsante sana ndugu yangu, hii ni elimu. Mimi niko Mombasa na nina jambo la kuongeza kuhusu matamshi.

Kikorea kina safu tatu za konsonanti ambapo wengi wanasikia moja. 달 (dal, mwezi wa angani), 탈 (tal, kinyago), 딸 (ttal, binti). 불 (bul, moto), 풀 (pul, majani), 뿔 (ppul, pembe). Mtu wa bara anaweza kuona ni maajabu, lakini sisi wa Kimvita tayari tunazo safu mbili kati ya hizo. Paa la nyumba na p'aa mnyama kwetu si tamko moja. La mnyama lina pumzi. Kaa la moto na k'aa wa baharini hali kadhalika. Pumzi ile ya p'aa ndiyo pumzi ya 풀 na 탈. Kwa hivyo mwenye bibi wa Kimvita amsikilize bibi yake kwanza, nusu ya kazi imekwisha.

Faida nyingine: ng' tunayo. Sarang inaishia kwa sauti ya mwisho ya "ng'", si "nge" wala "ngi". Waingereza tunawashinda hapo kwa kuanzia nayo neno, sisi hatuna budi kuizoea mwishoni tu.

Kinachonishinda ni ile safu ya tatu, 딸 na 뿔. Na kwenye nyimbo nikiri siisikii kabisa, wakati mtu akiongea naisikia kidogo. Kwa nini?

---

Msikilizaji

Pwani_Yetu, umenifungulia mlango ambao sikuufikiria, shukrani sana. Mfano wa p'aa nitautumia kila ninapofundisha mtu.

Safu ya tatu inatamkwa kwa kukaza koo, pumzi haitoki. Weka kipande cha karatasi nyepesi mbele ya midomo: ukisema 풀 kinapaswa kurukaruka, ukisema 뿔 kinapaswa kutulia.

Kuhusu kutosikia kwenye wimbo, sikio lako halina kosa. Kwa matamshi ya sasa ya Seoul, hasa kwa vijana, 달 na 탈 mwanzoni mwa neno zinatofautishwa zaidi kwa kimo cha sauti kuliko kwa pumzi: 탈 inaanzia juu, 달 inaanzia chini. Sasa kwenye wimbo kimo cha sauti kimeshachukuliwa na tuni. Mtunzi akitaka silabi iwe juu itakuwa juu, liwe 달 au 탈. Alama ambayo Mkorea anaitegemea kwenye mazungumzo imeondolewa, naye anabaki kuelewa kwa maana ya sentensi. Kwa hiyo tofauti ya safu tatu ijifunzeni kwa kusikiliza watu wakiongea, kamusi ya Naver ina sauti za neno moja moja. Wimbo hauwezi kuwapa hiyo.

Ongezeni na hili la kwetu sote: Kiswahili kinapenda silabi iishie na irabu, kwa hiyo 밥 (wali, chakula) inatutoka "bapu" na 꽃 (ua) inatutoka "koti". Funga midomo kwenye 밥 na usiifungue. Wimbo wa polepole unasaidia hapo, kwa sababu utamsikia mwimbaji anakata sauti bila kuachia.

---

Mzee_wa_Rumba

Kijana, umeandika vizuri, ila kwenye Kilingala nina neno.

Si kweli kwamba nyimbo hazikutufundisha. Bendi za Wakongo zilipohamia Dar es Salaam, Maquis wakiwamo, tulikuwa vijana tunaokaa nao mtaani. Tulianza na maneno ya nyimbo kama mnavyoanza nyinyi na hizo za Wakorea. Kisha unamuuliza mwanamuziki mwenyewe, hili neno ni nini, anakucheka, anakueleza, kesho unalitumia kumsalimia. Mpaka leo naongea. Wenzangu waliobaki na redio peke yake ndio hao unaowasema, hawakupata kitu.

Kwa hiyo lisemwe wazi: wimbo ulitupa sababu ya kuongea na mtu. Bila mtu hamfiki.

---

Msikilizaji

Mzee wangu, shikamoo. Umeiweka pahali pake, na nakubaliana na wewe moja kwa moja. Mwenye wimbo na kalamu ataelewa. Mwenye wimbo, kalamu na mtu wa kuongea naye atasema.

Bahati yetu ni kwamba wapo Wakorea wanaotafuta Kiswahili. Hankuk University of Foreign Studies wanakifundisha Kiswahili, na wanafunzi wake wanahitaji watu wa kuzungumza nao kama sisi tunavyowahitaji wao. Kwenye programu za kubadilishana lugha kama HelloTalk na Tandem, jaza wazi kwamba lugha yako ya kuzaliwa ni Kiswahili. Wengi wetu wanaandika Kiingereza wakidhani ndicho kinachotakiwa, kisha wanapangwa na watu wanaotaka Kiingereza. Msaidie mwenzako ngeli, akusaidie viambishi 은/는 na 이/가. Mtachoka wote wawili kwa usawa.

Sasa namna ya kufanya kazi na wimbo mmoja.

Chagua wimbo wa polepole. Usichukue wimbo mzima, chukua kiitikio. Usiangalie maneno yake. Sikiliza mstari mmoja, simamisha, andika kwa Hangul ulichosikia hata kama hakina maana. Hii ni imla kama ile ya shule ya msingi. Kwenye YouTube unaweza kushusha kasi hadi 0.75, chini ya hapo sauti inaharibika. Ukimaliza kiitikio, fungua maneno ya kweli na ulinganishe kwa kalamu nyekundu. Penye tofauti ndipo penye somo lako la siku hiyo, na mara nyingi utakuta ni zile sauti zinazobadilika nilizozitaja juu.

Baada ya hapo piga mstari chini ya kila kitenzi na utenge mkia wake. Andika mkia kwenye ukurasa wake, mwenye daftari atumie daftari, mwenye Anki (programu ya kadi za kukariri) atumie Anki. Ukikutana na mkia huo kwenye wimbo mwingine, urudi uongeze mfano. Ukurasa wa -지 마 utajaa haraka sana. Mwishowe uandike upya mistari yote kwa daraja la heshima, halafu uitumie mikia hiyo kutunga sentensi za maisha yako: usisahau funguo, nataka kula pilau, niandikie namba yako. Sentensi hizi mpelekee yule rafiki wa Kikorea azikosoe.

Ndipo uimbe. Imba kwa sauti, usinong'one.

---

Dada_wa_Tabata

Asante mkuu kwa madini. Mimi nauliza kwa nia njema: muda wote huu si bora mtu aangalie tamthilia? Kule watu wanaongea, wanagombana, wananunua vitu. Wimbo ni dakika tatu na nusu ya mtu analia kwa sababu ameachwa. Halafu mimi nataka kufanya TOPIK, ule mtihani wa kupima Kikorea cha wageni, kuna swali hata moja la kuachwa kule?

---

Mwanafunzi_Daejeon

Dada naomba nijibu hili, niko Korea kwa GKS, ufadhili wa masomo wa serikali ya Korea. Sisi tunaokuja kwa ufadhili huo tunasoma lugha mwaka mmoja kabla ya digrii, na unatakiwa ufike TOPIK daraja la 3, kwa hiyo mtihani huo naufahamu.

TOPIK I ni ya daraja la 1 na 2: maswali 30 ya kusikiliza na 40 ya kusoma, jumla alama 200. Alama 80 unapata daraja la 1, 140 unapata la 2. Kuanzia daraja la 3 hadi la 6 ni TOPIK II, na huko kuna kuandika. Kwenye kusikiliza unakutana na watu wako dukani, hospitali, kituo cha basi, tangazo la maktaba. Sauti ni safi, hakuna muziki nyuma, na wanaongea kwa miisho ya heshima, -요 na -습니다. Nyimbo zilinipa sikio lisiloogopa. Nilipoingia darasani nilikuwa nasikia mipaka ya maneno wakati wenzangu wengine wanasikia mlio mmoja mrefu. Lakini msamiati wa basi, bili na bei nilianza sifuri.

Namba ni mfano mzuri. Wana safu mbili, ya Kikorea chenyewe na yenye asili ya Kichina, na wanazichanganya kwenye sentensi moja. Saa tisa na nusu alasiri kwa hesabu yetu ni 세 시 삼십 분: saa kwa namba za Kikorea, dakika kwa zile za Kichina. Hilo hakuna wimbo ulionifundisha, ni kituo cha basi kilichonifundisha.

Kingine ni undugu. Wanaume wanaosikiliza vikundi vya wasichana wanazoea neno oppa. Oppa anasema mwanamke kwa kaka yake au mwanaume aliyemzidi umri na aliyemzoea. Mwanaume kwa mwanaume mkubwa ni hyeong. Dada mkubwa, mwanamke anasema eonni, mwanaume anasema nuna. Mhudumu wa mgahawani mwanamke mtu mzima utasikia watu wanamwita imo, yaani mama mdogo au mama mkubwa, dada wa mama. Nilipolisikia mara ya kwanza nilijisikia nyumbani.

Na kwa wanaoanza: mtasikia sana kwenye nyimbo neno linalotamkwa "niga" na wengine wanashtuka, wanadhani ni tusi la Kiingereza kwa watu weusi. Ni 네가, "wewe" inapokuwa mtenda. Inaandikwa ne lakini inatamkwa ni, kwa sababu ㅔ na ㅐ siku hizi zinasikika sawa, na bila kubadilisha usingeweza kuitofautisha na 내가, "mimi". Ni neno la kila siku. Msiwafokee wasanii kwa hilo.

---

Msikilizaji

Mwanafunzi_Daejeon, Mungu akubariki, bandiko lako lina uzito kuliko langu.

Dada_wa_Tabata, tamthilia ni nzuri na kwa mazungumzo inashinda wimbo, sina ubishi. Tatizo lake ni kwamba una macho. Maandishi ya tafsiri yako chini ya skrini, hadithi inakuvuta, na sikio linakwenda likizo. Nimewaona watu wenye tamthilia nyingi sana kichwani ambao hawawezi kuandika mstari mmoja waliousikia. Wimbo huna pa kukimbilia, ni sikio tu. Nashauri ufanye hivi: wimbo kwa sauti na mikia ya vitenzi, tamthilia kwa mazungumzo ukiwa umezima tafsiri kwenye onyesho moja fupi unalolirudia, na kitabu kwa namba, masoko na hospitali. Kozi za mtandaoni zipo, King Sejong Institute wanazo za bure, na ya Chuo Kikuu cha Yonsei iitwayo First Step Korean ipo Coursera. Talk To Me In Korean nao wapo tangu 2009, maelezo yao ni rahisi kufuata.

Kwa mtihani, miezi ya mwisho acha nyimbo na ukae na karatasi za zamani.

---

Pwani_Yetu

Ndugu, hujasema nyimbo zipi. Watu wataenda kuchukua rap ya haraka wakate tamaa.

---

Msikilizaji

Kweli kabisa. Kwanza ondoeni zile zilizo kwa Kiingereza kitupu. Dynamite ya 2020 na Butter ya 2021 za kundi la BTS hazina Kikorea cha kujifunza hata kama mnazipenda. Angalieni pia nyimbo ambazo kiitikio chote ni Kiingereza na Kikorea kimewekwa kwenye beti tu. Hizo zinadanganya, unaimba sehemu unayoijua na kuruka ile unayohitaji.

Anayeanza kabisa, mwenye Hangul ya wiki hii, aanze na nyimbo za watoto, tena bila aibu. Ule wa papa, Baby Shark, ambao watoto wetu wote wanaujua, umetengenezwa na kampuni ya Kikorea, na toleo la Kikorea linaitwa 상어 가족, familia ya papa. Tuni unayo tayari, kwa hiyo akili yote inabaki kwenye maneno: agi (mtoto mchanga), eomma (mama), appa (baba), halmeoni (bibi), harabeoji (babu). Mwingine ni 곰 세 마리, dubu watatu. Hiyo 마리 ni neno la kuhesabia wanyama. Wakorea wana maneno ya kuhesabia watu, vitabu, chupa, na sisi wenye ngeli tusiwalaumu.

Hata Gangnam Style ya Psy ya 2012, video ya kwanza kufikisha mitazamo bilioni moja YouTube, ina somo la sarufi kwenye kile kiitikio ambacho dunia nzima ilikiimba. "Oppan" ni oppa pamoja na kiambishi 는, vimefupishwa kuwa 오빤. Kiambishi hicho kinatangaza nani anazungumziwa: "kuhusu oppa, mtindo wake ni wa Gangnam." Na Gangnam ni gang, mto, na nam, kusini, ndiyo sehemu ya Seoul iliyo kusini mwa mto Han. Ukilijua nam, utalikuta kwenye majina mengi ya mahali.

Ukishakomaa kidogo, nenda kwa mwimbaji IU. Anatamka wazi na anaimba chini. Wimbo wake wa 2017, 밤편지, yaani barua ya usiku, una bahati ya pekee: uko kwenye daraja la -요. Kuna kitenzi 보낼게요 humo, ahadi ya kutuma kitu, ambacho unaweza kumwambia mtu unayemheshimu kama kilivyo. Ila 당신 iliyomo iacheni kwenye wimbo, sababu nimeieleza juu. Kisha 봄날 (Spring Day) ya BTS, ya 2017 pia. Neno lake la kwanza kabisa ni 보고 싶다, ule mkia wetu wa "nataka ku-" katika umbo la kamusi, na sehemu kubwa ni Kikorea. Sehemu za rap ziacheni mpaka sehemu za kuimba zimekaa.

Rap kwa ujumla ije mwisho. BTS wenyewe wanatoka sehemu tofauti, Suga na V ni wa Daegu, Jimin na Jungkook wa Busan, J-Hope wa Gwangju, na wana nyimbo walizoimba kwa lahaja za kwao. Ni tamu kwa anayejua lugha. Kwa anayeanza ni sawa na mgeni aliyefundishwa Kiswahili sanifu kupewa Kimakunduchi siku ya kwanza.

---

Dada_wa_Tabata

Haya, nimejaribu imla kwenye kiitikio cha wimbo mmoja wa polepole. Sitautaja ili msiusake. Mengi nimepata, nimefurahi mno. Kuna neno nimesikia "gachi", nikaandika 가치. Nimeangalia kamusi, 가치 ipo na maana yake ni thamani, nikaridhika. Nilipofungua maneno ya wimbo nimekuta 같이. Hapo kosa ni langu au ni mwimbaji?

---

Msikilizaji

Hongera sana dada, sikio lako limefanya kazi sawasawa. Mwimbaji naye hana kosa. 같이 maana yake ni "pamoja". Ile ㅌ ya chini ikikutana na 이 inageuka kuwa ch, kwa hiyo 같이 na 가치 zinatamkwa sawa kabisa, na hata Mkorea anazitofautisha kwa maana. Kanuni hiyo hiyo utaikuta kwenye 붙이다, kubandika, inayotamkwa buchida, na kwa ㄷ utaikuta kwenye 해돋이, mawio ya jua, inayotamkwa haedoji.

Fungua ukurasa mpya kwenye daftari, uandike hayo matatu juu. Kisha rudi kwenye kiitikio chako utuambie kitenzi kinachofuata baada ya 같이 kina mkia gani.